Mti wa miaka 18, mkopo wa miaka 3

Kila fedha za benki za maendeleo zinapotajwa katika uhifadhi Nyanda za Juu Kusini, wengi hukumbuka kwanza kilichoharibika, na hawakosei. Mradi wa REGROW, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia dola milioni 150 mwaka 2017 kwa ajili ya hifadhi za kusini, Ruaha ikiwamo, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wanavijiji, na kabla ya mwaka kwisha ukafutwa. Mkazi wa Mbarali, wilaya inayopakana na Ruaha, ana sababu ya kuwa na shaka.

Hata hivyo, shaka hiyo imehamishiwa isikostahili: kwenye mkopo wa benki hizo wa muda mrefu na riba nafuu, wa kuotesha miti katika shamba la mkulima mwenyewe. Msindano wa mbao nzuri huhitaji miaka 18 au zaidi. Tukokotoe basi: shilingi milioni 1 iliyokopwa kwa riba ya asilimia 15, ikilimbikizwa kila mwaka hadi mavuno, inakuwa takriban milioni 12.4 ifikapo mwaka wa 18. Kwa asilimia 5 inakuwa milioni 2.4. Mche ni uleule, udongo ni uleule wa Mufindi, na palizi ni ileile, ila milioni 10 zaidi zimeliwa na tofauti ya riba peke yake. Tena huo ni mfano wa hisani, kwa maana benki ya biashara haikubali kusubiri miaka 18. Inataka marejesho ndani ya miaka michache. Ndiyo maana mkulima anayebanwa na ada ya shule huuza miti ya miaka 8 au 10, katika umri ambao shina lingali linanenepa kwa kasi, naye hupata mbao nyembamba na bei ya kutupa. Tunamlaumu kwa kukosa subira, ilhali subira ina gharama ambayo hakuna aliyemkopesha.

Mafinga, mji wa Mufindi, ni ushahidi kwamba mkopo wa aina hiyo unaweza kuzaa miti. Shamba la Sao Hill lilipanuliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia miaka ya 1970 na 1980, na mji huo hauelezeki bila miti ile. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichojengwa kwa fedha za aina hiyohiyo, kiliyumba hadi kikabinafsishwa. Miti, kwa bahati, haidai vipuri.

Wapinzani wana hoja nzito kuhusu maji. Milingoti iliyosogezwa hadi kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hukausha mabonde, na mkopaji asiyeheshimu umbali wa mita 60 kutoka kingo za mito uliowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hastahili hata shilingi. Aidha, shamba la misindano si msitu wa Udzungwa. Msitu wa asili hauwezi kulipa deni bila kukatwa, hivyo unafaa mtaji wa kudumu, kama ule wa Mfuko wa Milima ya Tao la Mashariki, uliopata dola milioni 7 za GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani) kupitia Benki ya Dunia ili kutumia faida ya uwekezaji.

Linalonisumbua zaidi ni dhamana. Hatimiliki ya kimila ikiwekwa benki, mkopo wa miaka 18 unaweza kugeuka njia ndefu ya kupoteza ardhi ya ukoo. Ningependelea dhamana iwe miti yenyewe, ikiwa na bima ya moto, ili kiangazi kikiunguza shamba, mkulima abaki na pa kuotesha tena.