Pesa ya kichupa: vijana wa Tabora na wimbo wa Wanorway

Mpwa wangu ana bendi. Wako wanne, wanafanyia mazoezi kwenye banda la nyuma ya nyumba ya mwenzao huku Ng'ambo, Tabora: magitaa mawili, besi, na dramu walizoazima kanisani. Wamechanga pesa miezi minane, na sasa pesa imefika mahali pa kugombaniwa. Wawili wanataka iende yote kwenye kichupa, yaani video ya wimbo: droni, gari la kukodi, dairekta wa kutoka Mwanza. Wawili wanataka warudi studio warekodi upya, maana kwenye rekodi waliyo nayo dramu zinalia kama debe tupu. Mpwa wangu yuko upande wa kichupa. Alikuja nyumbani na simu mkononi, akasema, "Mjomba, tazama hii kwanza, ndiyo unishauri." Akanifungulia "Take On Me" ya a-ha, bendi ya vijana watatu wa Norway.

Ushahidi aliuchagua vizuri, hilo lazima nimpe. Msichana amekaa mgahawani London anasoma kitabu cha katuni. Kijana aliyechorwa kwa penseli anamkonyeza kutoka kwenye ukurasa, anatoa mkono nje ya karatasi na kumvuta ndani. Humo ndani wanatazamana kupitia fremu ya kioo, upande mmoja mtu wa kawaida, upande wa pili mistari ya penseli, halafu wanakuja watu wa kuwafukuza. Mwisho kijana anajibamiza ukutani, huku na huku, akihangaika kutoka kwenye michoro awe mtu. Aliyeongoza ni Steve Barron. Michoro ni ya Michael Patterson na Candace Reckinger, picha kama 3,000, wakichora juu ya filamu fremu moja baada ya nyingine kwa wiki 16 hivi. Ilikuwa 1985, na kazi ile ilifanywa kwa mkono.

Sasa historia yake, ambayo ndiyo mpwa wangu aliijia. Wimbo ulitoka mara ya kwanza 1984, prodyuza akiwa Tony Mansfield. Kwao Norway ulifika namba 3, Uingereza ukalala. Wakaurekodi upya na prodyuza mwingine, Alan Tarney, ukatolewa tena Uingereza, ukalala tena. Mara ya tatu ukaja na kichupa cha penseli. Oktoba 1985 ulikuwa namba 1 Marekani, na Uingereza ileile iliyoukataa mara mbili ikaupandisha hadi namba 2. Mwaka uliofuata kichupa kikabeba tuzo sita za MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, na Februari 2020 kikapita watazamaji bilioni moja kwenye YouTube.

Kwa hiyo hoja yake ni hii: rekodi ya Tarney iliwekwa sokoni bila kichupa ikafa, ikawekwa na kichupa ikafufuka. Sauti haikubadilika, kilichobadilika ni picha. Ni hoja nzito na sitaki kuipita haraka. Mtu akiniambia kwamba kazi nzuri hujiuza yenyewe, namwonyesha mwaka ule. Kazi nzuri ilikaa rafuni. Na leo wimbo unamfikia mtu kwenye simu, kwenye kioo, si kwenye redio iliyowekwa dirishani. Kijana wa Tabora akitoa wimbo mtupu, wenye vituo vya televisheni hawana cha kurusha na wenye simu hawana cha kutumiana. Wanaosema vichupa ni anasa tu hawajawahi kujaribu kusikika kutoka mji ulio mbali na Dar es Salaam namna hii.

Lakini historia ile ina vipande viwili ambavyo mpwa wangu aliviruka. Cha kwanza: waliporudi studio kwa Tarney, hawakurudi kwa bahati mbaya. Rekodi ya 1984 haikuwa imekaa sawa. Kiitikio cha wimbo ule kinaanza chini kabisa kwenye koo la Morten Harket, mwimbaji wao, kinapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye sauti nyembamba ambayo waimbaji wengi wakiijaribu inapasuka. Kupanda huko ndiko kunakofanya ule mkono wa penseli utoke kwenye karatasi uaminike. Picha zinahangaika kutoka kwa sababu sauti inahangaika kutoka. Weka picha zilezile juu ya dramu zinazolia kama debe, uone. Mwaka 2017 a-ha waliupiga polepole kwa vyombo visivyo vya umeme, bila penseli wala msichana wa mgahawani, na wimbo ukasimama vilevile.

Kipande cha pili kinaniuma zaidi kwa ajili ya hawa vijana. Rekodi ya kwanza nayo ilikuwa na kichupa! Kinawaonyesha wanaimba mbele ya mandhari ya buluu. Kimetengenezwa, pesa imetumika, na hakikusaidia kitu, kwa kuwa hakikuwa na jambo la kusema. Droni juu ya paa na gari la kukodi lisilo lao, naogopa, ndiyo mandhari ya buluu ya leo. Tena a-ha walikuwa na Warner Bros. nyuma yao, kampuni iliyoweza kukosea mara mbili na bado ikawa na pesa ya mara ya tatu. Ofisi ya London haikuusukuma wimbo ule ipasavyo, na ulipopewa nguvu kutoka Marekani mambo yakabadilika, kwa hiyo hata sifa za kichupa lazima tuzigawe na sifa za msukumo. Hawa wanne wana pesa ya mara moja.

Wazee wa hapa wangemjibu mpwa wangu kwa jina moja: Tabora Jazz, bendi ya zamani ya mji huu. Marehemu baba alikuwa na santuri zao na hakuwahi kuwaona kwenye kioo, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. "Dada Asha", wimbo wao, iliingia nyumbani kwetu kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na ikabaki. "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz, bendi nyingine ya mji huuhuu, bado inaombwa harusini na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Jibu zuri. Ila lina kidonda ndani yake. Waulize vijana hao hao wanaoicheza harusini iliimbwa wapi, wengi watakutajia Dar es Salaam. Wimbo umeishi, lakini mji ulioupika umesahaulika, na sura za wapigaji pia. Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyeitoa "Dada Asha", aliweza kupita sokoni na wanaouimba wimbo wake wasimtambue. Laiti kungekuwa na dakika tatu tu za picha, za jukwaa, vidole kwenye gitaa na watu wa Tabora wakicheza segere matata, mtindo wa Tabora Jazz! Nikifikiria hilo, upande wa kichupa unanivuta kuliko takwimu zote za MTV.

Ingawa picha nayo inaweza kumeza. "The Sun Always Shines on T.V." ndiyo iliyowapa a-ha namba 1 Uingereza, Januari 1986, siyo "Take On Me". Lakini mtaje a-ha kwa mtu yeyote, atakuambia penseli.

Nimemwambia mpwa wangu pesa iende studio kwanza, dramu zirekodiwe upya na mtu anayejua kuweka maiki. Hakufurahi. Kichupa nimemwambia wasikiache, wakifanye kwa simu na kwa wazo. Wimbo wao unahusu ndugu wawili wanaotengana. Hapa kwetu treni ya kutoka Dar inafika stesheni, mabehewa yanakatwa, mengine yanaelekea Mwanza na mengine Kigoma. Watu waliokula pamoja tangu Dodoma wanaagana kwenye giza la Tabora. Hilo halihitaji droni. Linahitaji barua ya kibali kwa mkuu wa stesheni na usiku mmoja wa kukesha.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mabehewa huwa yanakatwa saa ngapi.