Kamala: lawama tumpe aliyepakwa rangi?

Juzi kijiweni Majengo, hapa Dodoma, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu pambano la zamani la mieleka ya maigizo ya Marekani, la Undertaker na jibaba la miguu peku, uso umepakwa rangi, kifuani na tumboni kachorwa nyota na mwezi. Kamala, jitu la Uganda. Kijiwe kikagawanyika hapo hapo. Wengine walisema mtu huyu alituuza Waafrika. Wengine, kwamba alikuwa anatafuta ugali wake. Mimi niko na hawa wa pili, ila sababu yao hainitoshi.

Kamala hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1950, mtoto wa wakulima wa mashamba ya watu. Mwaka 1982 mapromota wa Memphis, Jerry Jarrett na Jerry Lawler, walimbuni upya: eti mlinzi wa zamani wa Idi Amin. Miaka 3 tu tangu Kampala ianguke! Kwenye kibanda umiza tulichokuwa tukibanana miaka ya tisini, mzee mmoja aliyepigana Kagera alimtazama kidogo, akacheka, akasema askari wa Amin aliokutana nao yeye walivaa buti.

Wanaomlaumu hawajakosea kuudhika. Ulingoni Kamala hakusema neno. Alinguruma na kujipiga tumbo. Hata kushinda hakujua: alimlalia mpinzani aliyelala kifudifudi, mpaka msimamizi wake, Kim Chee, amwashirie kuwa mtu hugeuzwa chali. Watu wakicheka hapo wanamcheka nani? Jibu tunalijua.

Lakini lawama inaishia kwenye rangi, haifiki kwenye mfuko. Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, watu zaidi ya 80,000 kwa hesabu ya waandaaji, Kamala alipambana na Undertaker kwa muda usiofika dakika 4. Harris alisimulia baadaye kwamba yeye alilipwa dola 13,000 na mwenzake nusu milioni. Ni madai yake, na Undertaker ndiye aliyekuwa nyota, hilo halina ubishi. Basi tuseme alitia chumvi. Ikate ile nusu milioni katikati: bado mwenzake kachukua mara 19. Nimeigeuza hesabu hii kila upande na kila mara inanirudisha kwenye ule mdomo uliofungwa. Mieleka hulipa mdomo. Mwanamieleka Hulk Hogan alipiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka akawa tajiri. Ukimpa mtu uhusika wa bubu asiyejua hata kushinda, umemtukana, na papo hapo umeshampangia mshahara. Aliyetukanwa kwanza ni Harris mwenyewe.

Na sisi wa Ugogo tusijifanye wageni wa mambo haya. Mgogo kwenye vichekesho ni shuka, lafudhi na mkono ulionyooshwa kuomba. Mwenzetu akikubali kuigiza hivyo tunamfokea yeye. Aliyeandika mchezo hatumjui hata jina.

Harris angeweza kukataa? Angeweza, na kazi ya kuendesha lori ilikuwepo. Alipoondoka mwaka 1993 ndiyo aliyoirudia. Wanamieleka wa kule huandikwa kama wakandarasi wa kujitegemea, kwa hiyo bima ya afya ni juu yao. Kisukari kilimkata mguu wa kushoto 2011, wa kulia 2012. Akawa anatengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Alifariki Agosti 9, 2020, baada ya kuugua korona.

Yule kijana aliuliza kama kuna mahali Kamala anaongea. Yapo mahojiano ya uzeeni, nikamwambia atafute. Akaiweka simu sikioni, maana Majengo kwa kelele! Akasikiliza kidogo, akasema hakutegemea mzee mpole vile.