Zombi Hauawi, Mtafute Mzazi Wake

Swali hili halikosi kwenye makundi ya mafundi wa seva: "Wakuu, nina mchakato umeandikwa defunct, nimepiga kill -9 hautoki. Nifanyeje?" Na jibu la kwanza nalo halikosi: "Zima, washa."

Jibu hilo linanikera, ingawa linafanya kazi. Mchakato ni programu inayoendeshwa; ulioandikwa defunct ndio zombi: umeshakufa, ila bado umo kwenye orodha, na kill -9 ni amri ya kuua kwa nguvu. Seva ikiwaka upya zombi ataondoka, sawa, lakini aliyemsababisha atawaka naye, na muda si mrefu swali litarudi kundini. Zombi si ugonjwa wa Linux, wala si uchafu ambao kerneli, kiini cha mfumo, imesahau kuuzoa. Ni matokeo ya programu fulani iliyozaa ikasahau kufuatilia, na programu hiyo ina jina, ina namba, na unaweza kuiona kwa amri moja tu.

Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, mchakato huzaliwa na mchakato mwingine kwa fork, yaani mzazi anajinakili. Ukimaliza kazi unaita exit, na hapo kerneli inaanza kukusanya: kumbukumbu inarudishwa, mafaili yanafungwa, soketi zinaachiwa. Kinachobaki ni mstari mmoja kwenye jedwali la michakato, wenye namba ya marehemu, muda wa prosesa alioutumia, na jibu lake la mwisho, yaani namba kati ya 0 na 255 inayosema kazi imeishaje. Sifuri maana yake mambo yameenda salama. Kerneli inamtumia mzazi ishara ya SIGCHLD, kisha inamsubiri aite wait achukue jibu. Akilichukua, mstari unafutwa. Kati ya exit na wait, huyo ni zombi. Hata amri ya ls uliyopiga sasa hivi imepita hapo, ila kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona.

Utaratibu huu ni mkongwe. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waasisi wa Unix, walipoieleza kwenye makala yao ya 1974, fork, wait na exit zilikuwemo tayari. Na mimi naona waliamua vizuri. Kerneli ingefuta kila kitu papo hapo, skripti yako ya bakapu ya usiku ingejuaje kwamba kunakili kumeshindikana? Tena kuna hatari kubwa zaidi. Namba ile ingeweza kupewa mchakato mwingine, halafu mzazi akatuma ishara ya kuua akidhani anamzima mwanawe, kumbe anamuua mtu baki. Zombi anaikalia namba hiyo isichukuliwe. Hata Windows, isiyozungumzia zombi, haiifuti rekodi ya mchakato uliokufa mpaka kila programu iliyoushikilia iuachie.

Usiniamini kwa maneno matupu. Fungua terminali uandike:

(sleep 1 & exec sleep 60)

Subiri kidogo, kisha kwenye terminali ya pili:

ps -e -o pid,ppid,stat,comm | grep defunct

Utamwona sleep mwenye herufi Z. Kilichotokea ni kwamba shell ndogo, yaani programu inayopokea amri zako, ilimzaa sleep wa sekunde 1, halafu kwa exec ikageuka kuwa sleep wa sekunde 60, ikiwa na namba ileile. Huyu wa 60 hana habari kwamba ana mtoto, basi hataita wait ng'o. Mpige zombi kill -9: hakuna kosa litakaloonyeshwa, na hakuna kitakachobadilika. Ishara ya 9 humsimamisha anayekimbia, na huyu alishasimama. Sasa chukua namba iliyo safu ya pili, ya mzazi, umtumie kill ya kawaida. Wote wawili wataondoka. Mzazi akifa, mtoto anakuwa yatima, anahamishiwa kwa mchakato namba 1, ambao kwenye seva nyingi za leo ni systemd, au kwa mlezi mwingine aliyejiandikisha kwa kazi hiyo. Mlezi anaita wait, mambo yanaisha. Hiyo safu ya pili ndiyo ningependa watu waitazame kabla ya kugusa kitufe cha kuzima.

Zombi mmoja au wawili waache, hawali prosesa, na kumbukumbu wanayoikalia ni ya kilobaiti chache. Kinachoweza kuisha ni namba. Dari la kawaida la Linux kwa miaka mingi lilikuwa 32768, na kwenye mashine za biti 64 linaweza kupandishwa hadi 4194304. Programu ya wavuti inayoacha zombi mmoja kwa kila ombi italifikia dari la kwanza bila shida, na kuanzia hapo fork inakataa, hata kuingia kwenye seva ukiwa mbali kwa SSH kunagoma. Seva ikifika huko, haya, zima uwashe. Halafu urekebishe programu.

Kinachonisumbua kuliko zombi wenyewe ni huu mtindo wa kuanza na kill -9. Kill bila namba hutuma SIGTERM, ishara ya 15, ambayo programu inaweza kuipokea, ikamalizia kuandika faili, ikaaga wateja wake, ikawazika watoto wake, ndipo ikatoka. Ya 9 haipokewi na yeyote. Kerneli inakata tu. Nyaraka za PostgreSQL, programu ya hifadhidata, zenyewe zinashauri usiizime seva yake kwa SIGKILL, yaani hiyo 9, maana haitapata nafasi ya kuachia kumbukumbu ya pamoja inayoitumia. Na hiyo 9 si mwarobaini: mchakato wenye herufi D kwenye safu ya stat, mathalani unaosubiri diski ya mtandaoni isiyojibu, nao unaweza kuipuuza mpaka kusubiri kwake kuishe.

Kontena, yaani vifungashio vinavyoendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine, ndizo zimelirudisha tatizo hili kwa vijana ambao hawakuwahi kulisikia. Ndani ya kontena, programu yako ndiyo mchakato namba 1. Yatima wote wa humo wanaletwa kwake, na aliyeiandika hakuwaza hata siku moja kwamba italea watoto wa wengine. Juu ya hayo, kerneli haimpi namba 1 kifo cha kawaida cha SIGTERM. Asipokuwa ameandaliwa kuipokea, ishara inapita kama upepo. Docker, programu ya kuendesha kontena, husubiri sekunde 10 kisha hupiga 9. Kubernetes, inayosimamia kontena nyingi kwa pamoja, kwa kawaida husubiri 30. Ukiona kontena lako kila ukilizima linachukua sekunde 10 kamili na kuacha namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9, usilaumu mtandao.

Mara nyingi kosa liko kwenye skripti ndogo ya kuanzishia. Bash inakaa kama namba 1, programu halisi iko chini yake, na SIGTERM inaishia kwa bash bila kupitishwa. Weka neno exec mbele ya amri ya mwisho ya skripti, programu itachukua nafasi ya bash na ishara itaifikia. Kama programu hiyo inazaa watoto wengi, mwanzishe tini, programu ndogo ya kulea yatima na kupitisha ishara, awe namba 1. Docker ina swichi ya --init kwa ajili hiyo tangu toleo la 1.13 la 2017, na sijui kwa nini haikufanywa kuwa kawaida. Ukitaka kujua nani ni namba 1 kwenye kontena lako sasa hivi, na humo kuna ps, ingia upige ps -p 1 -o comm=.