NMO kwa watoto: dripu kwanza au majibu kwanza?

Mtoto akifikishwa Dodoma kutoka Kondoa au Mpwapwa akiwa haoni vizuri, miguu imelegea na mkojo hautoki, madaktari hugawanyika. Kinachoshukiwa ni neuromielitisi optika, NMO: kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Kingamwili yake kuu, inayolenga protini iitwayo akwaporini-4, iligunduliwa mwaka 2004, lakini kipimo chake si cha kila maabara. Je, steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga, zisubiri majibu?

Wanaotaka kuanza mara moja wana hoja nzito, maana neva iliyovimba hufa kadiri siku zinavyopita. Dozi ya steroidi ya dripu, methilprednisoloni, ni miligramu 30 kwa kilo kwa siku, isizidi gramu 1, siku tatu hadi tano. Mwenye kilo 20 hupata miligramu 600 kwa dripu ya saa moja au zaidi, kwani ikikimbizwa huvuruga mapigo ya moyo.

Wanaosita nao hawana woga wa bure. Miguu kulegea kunaweza kuwa TB ya mgongo au kichocho, na steroidi bila dawa za TB huuachia ugonjwa nafasi ya kusambaa. Picha ya MRI husaidia: NMO kwa kawaida huacha alama ndefu ya pingili tatu au zaidi ndani ya uti, ilhali TB hula pingili zenyewe.

Naona wanabishania maamuzi mawili kana kwamba ni moja. Kuanza dripu hakuhitaji majibu ya kingamwili. Damu itolewe kabla yake, seramu iwekwe kwenye friji, VVU na homa ya ini B vipimwe, mgongo na kifua vipigwe picha, kisha dawa ianze siku hiyohiyo.

Dawa za muda mrefu ndizo zinazohitaji majibu. Watoto wengi wa aina hii hukutwa na kingamwili nyingine, ya MOG, protini ya ganda la neva, na wengi wao hawapati shambulio la pili; kuwafubaza kinga kwa miaka ni kuwaonea. Mwenye kingamwili ya akwaporini-4 hana budi kuzitumia. Azathioprini, miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, ni ya vidonge ila huchukua miezi kushika, kwa hiyo prednisoloni, steroidi ya vidonge, isikatwe mapema, hata uso ukivimba. Rituximabi, dawa nyingine ya kufubaza kinga, hushika haraka zaidi, kwa gharama kubwa, na huweza kuamsha homa ya ini B. Interferoni, dawa ya multiple sclerosis, ugonjwa unaofanana na huu, isiguswe: huzidisha NMO.

Wazazi waambiwe pia kuhusu kwikwi na kutapika kusikokoma kwa siku kadhaa. Hilo nalo huweza kuwa shambulio, ingawa mtoto huishia kupewa dawa za tumbo.