Nilisema Zege, Saruji ya Nini?

Trela langu la chipsi lina urefu wa mita 3, mlango mmoja nyuma, na dirisha la kuuzia ubavuni linalofunguka kwenda juu kama boneti. Fundi wa Gerezani alilichomelea mabati kila upande mpaka nikajisikia namiliki meli. Kilichobaki ni mtungi wa kuzimia moto. Kusema kweli, moto sikuuwaza hata kidogo. Nilimwaza trafiki. Wengi wetu mtungi tunaujua hivyo: kitu cha kumwonyesha trafiki, kisha kinarudi chini ya siti kulala na maganda ya machungwa.

Alhamisi nikashuka Kariakoo. Mzee wa duka akauliza, "Unakwenda kukaa wapi huu mtungi?"

"Kwenye trela."

"La wazi au la kufungwa? Na ndani mna nini?"

Nikaona ananichelewesha. Mitungi ilikuwa imejipanga ukutani, yote myekundu, nami nikaanza kuichagua kama tikiti maji: nainua, napigapiga tumbo, natega sikio. Mzee akavua miwani.

"Kijana, huo wenye pembe nyeusi una gesi ya kaboni. Hauachi uchafu, lakini ndani ya boksi kama lako gesi hiyo inaifukuza hewa unayovuta wewe. Halafu mafuta ya karai ukiyapuliza kwa nguvu vile, yanaruka. Huu wa unga unazima mbao, petroli, hata umeme. Ila mafuta ya kukaangia unaweza kuyazima, na kwa kuwa bado yamechemka yakawaka tena. Wewe unataka wa jikoni, wenye dawa ya maji, mstari wake wa njano. Leo sina. Njoo Jumatano."

Jumatano! Nami nazindua Jumamosi, nimeshawaalika mpaka wakwe. Nikasema nipe wa unga, ule mkubwa. Kilo 6.

Nikautundika juu ya karai kwa mkono wangu mwenyewe. Hoja yangu ilikuwa nzito: mzimaji akae mbali na kazini kwa nini?

Jumamosi saa mbili usiku foleni imefika barabarani. Mpwa wangu, aliyekuwa zamu ya karai, alikuwa anamweleza binti mmoja tofauti ya zege, yaani chipsi mayai, la mayai mawili na la matatu, maelezo marefu ajabu kwa somo dogo vile. Mafuta yakaanza kufuka moshi. Kisha, fwaa! Moto.

Nikanyoosha mkono kuchukua mtungi. Uko pale pale nilipouweka, nyuma ya moto, unaning'inia kama mshikaki. Kuufikia ni lazima kwanza niungue.

"Anko, kaa pembeni!" Mpwa kashika ndoo ya maji. Sasa katika elimu yote ya moto mimi nina moja tu, nayo ni hii: maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na kuyarusha mafuta yale mpaka darini. Nikaikumbatia ndoo. Yeye anavuta, mimi navuta, maji yote yakaniishia miguuni.

Tukiwa katika mieleka hiyo, mama ntilie wa jirani akaingia kwa mlango wa nyuma na sinia lake la bati. Akafunga gesi. Akalifunika karai. Kimya. "Msilifunue mpaka lipoe," akasema, akarudi kupakua wali maharage wake.

Mambo yangeishia hapo. Lakini watu walikuwa wameshatoa simu wanarekodi, nami nikaona aibu: mtu una mtungi wa kilo 6, unazimiwa moto na sinia! Nikautungua, nikachomoa pini, nia yangu kugusa kidogo tu, kwa uhakika na kwa heshima.

Ule mlio sikuutegemea. Nikashtuka, na mtu akishtuka hushikilia, haachii. Nikaubana mkono wa mtungi kama mkono wa mdeni wangu mpaka kilo zote 6 zikatoka. Ndani sikuona hata pua yangu. Wingu likajaa trela, likatafuta njia, likatokea dirishani kuwasalimia wateja. Nilipotambaa nje nikikohoa, foleni nzima ilikuwa nyeupe kope mpaka viatu, wakwe zangu wakiwa mstari wa mbele.

Kijana mmoja akajifuta midomo, akasema taratibu, "Bosi, mimi nilisema zege. Saruji ya nini?"

Unga ule nimeufagia siku tatu. Umeingia kwenye mota ya friji, kwenye spika, kwenye mbatata, nao ukikaa na unyevu unakula chuma, kwa hiyo hata skrubu nilizifuta moja moja. Trei zote za mayai nikatupa.

Jumatano nikarudi Kariakoo. Mzee akazitazama nyusi zangu, hakuuliza kitu. Akainama, akatoa mtungi wenye mstari wa njano, juu yake akaweka blanketi la kuzimia moto.

Mama ntilie naye alikuwa ananidai sinia. Nimemnunulia jipya. Lile la zamani nimelitundika juu ya… hapana, mlangoni.