Cheti cha mashine kutoka ng'ambo hakitoshi Nairobi

Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94, ndiyo maana maharagwe hukawia jikoni. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Wapishi wameshazoea. Kiwanda kinachounganisha bodi za elektroniki kwa kandarasi nacho hakina budi kuzoea, kwa sababu tanuri la kuyeyushia solda, yaani metali inayounganisha vipande kwenye bodi, hupasha bodi kwa kupuliza hewa moto, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo.

Sasa mashine, iwe tanuri au ya kupaka solda, ikifika kutoka Shenzhen, China, na cheti kwamba ilipimwa ikafaulu, je, kiwanda cha Eneo la Viwanda kirudie uthibitishaji wote? Kazi hiyo ina hatua tatu: kuhakikisha mashine imefungwa sawasawa, kuijaribu hadi ukingoni mwa mipaka yake, joto la juu na la chini, mkanda unaopitisha bodi, wa haraka na wa polepole, kisha kuzalisha bidhaa yenyewe, kwa desturi mafungu matatu, kuona kama matokeo yanayumba.

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Mteja mwenye oda ya bodi 200 za mita za maji hawezi kugharimia bodi kadhaa za kuharibiwa majaribioni, na akidaiwa gharama hiyo atapeleka kazi China. Tena kiwango cha ISO 13485 cha vifaa vya tiba chenyewe hudai mchakato uthibitishwe pale ambapo matokeo yake hayakaguliwi baadaye. Siku hizi kuna kamera inayopima kimo cha solda ya uji, ile inayopakwa kabla ya tanuri, kwenye kila bodi. Kama kila bodi inapimwa, mafungu matatu ya nini? Kwa upande wa kupaka solda, nakubaliana nao.

Kwa tanuri sikubali. Solda isiyo na risasi, yenye bati, fedha na shaba, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na kwa kawaida kilele cha joto huwekwa kati ya 235 na 250. Bodi nene yenye shaba nyingi ikipita bila kupata joto la kutosha, kiungo huweza kugusa tu bila kushikana. Siku ya majaribio umeme unapita, taa inawaka, mteja anatia saini. Baada ya miezi ya jua la mchana, baridi ya usiku na mtikisiko wa bodaboda, kiungo kinaachia. Chipu ambazo miguu yake ni vitufe vya solda vilivyofichika chini ya tumbo ndizo zinazoniogopesha zaidi: jicho halifiki, na hata eksirei huweza kupita kiungo cha namna hiyo bila kukitambua. Hapa hakuna ukaguzi wa mwisho wa kuegemea. Kinachobaki ni kulijua tanuri.

Na umeme? Ukikatika bodi zikiwa katikati ya tanuri, jenereta itashika, lakini zile bodi zimepikwa vipi? Cheti cha ng'ambo hakina jibu. Jaribio hilo lifanyike hapa hapa, kwa makusudi, na bodi zilizokuwa ndani zitengwe.

Kwa hiyo ningegawa gharama. Kiwanda kilithibitishe tanuri mara moja, kikamilifu, kwa fedha zake, maana ni chombo chake cha kazi. Mteja alipie ramani ya joto ya bidhaa yake: bodi moja iliyobandikwa vihisi joto, ikatolewa kafara. Kwa kifaa cha hospitali, hatua zote tatu zifanywe na bei isemwe wazi kabla ya mkataba. Bodi ile yenye vihisi ihifadhiwe kiwandani, ipitishwe tena kila feni inapobadilishwa au tanuri linapohamishwa, hata kama ni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.