Babu Hakuwa Anakata Roho

Lawama zote namtupia jamaa aliyenipeleka. Nilikuwa masomoni Tokyo, akaniambia, "Kaka, leo twende ukasikilize jazi." Mimi jazi niijuayo ni ya akina Morogoro Jazz: magitaa, sauti ya Mbaraka Mwinshehe, watu uwanjani wanamaliza soli za viatu. Nikavaa shati langu la kung'aa.

Kumbe ni kimkahawa chenye giza. Spika zimesimama ukutani kama makabati ya bibi harusi, wateja wote wamezielekea, hakuna anayepumua kwa sauti. Japani mikahawa hiyo ipo tangu zamani: unanunua kikombe chako cha kahawa, mwenye duka anaweka santuri, na kuongea marufuku. Hata choo niliulizia kwa vidole.

Jalada likasimamishwa kaunta: Kogun, santuri ya 1974 ya bendi ya mpiga piano Toshiko Akiyoshi na mumewe, Lew Tabackin. Nilikuja kuelezwa nje, mambo yameshaharibika, kwamba mama huyo alitunga kibao chenye jina hilo kwa kisa cha Hiroo Onoda, yule askari wa Kijapani aliyejificha kisiwani Lubang, Ufilipino, karibu miaka 30 akiamini Vita vya Pili vya Dunia vinaendelea. Na kwamba kati ya matarumbeta na masaksafoni kachomeka tsuzumi, ngoma za Noh, maigizo ya jadi ya Kijapani, ambazo mpigaji huvuta ukelele kwanza ndipo apige. Sasa jambo kama hilo mtu humwambii mgeni mlangoni?

Maana mimi nilichokiona ni babu wa miaka kama 80 ubavuni kwangu, macho kafumba, kinywa wazi, kipande cha mkate mkononi. Kimya. Mara:

"Iyoooooo... po!"

Kimya tena. "Hooooo!"

Mkate umemkaba! Nikaruka, nikamtandika makofi ya mgongo, "Babu! Tema, babu, tema!" kwa Kiswahili safi. Kahawa yake ikamwagikia mapajani kwa bwana wa meza ya pili, naye, masikini, akauma meno tu, si kuongea marufuku?

Nimemkumbatia babu kwa nyuma, ukelele ukapiga tena. Safari hii kinywa chake kilikuwa kimefungwa, ananitazama.

Bendi nzima ikaingia na matarumbeta yake.

Mwenye duka alikuja na kitambaa, akapangusa, akainamisha kichwa, kisha akairudisha sindano mwanzo. Nikaketi, jasho linanitiririka ndani ya lile shati. Ukelele ulipokaribia, babu akajishika koo, akatoa ulimi, akaniangukia begani.

Aliyeanza kucheka ni yule mwenye suruali mbichi. Tukaletewa kibao kilichoandikwa "kuongea marufuku" sote watatu. Jamaa yangu? Alishahamia meza ya kona, anasoma menyu ya Kijapani ambayo hata herufi zake hazijui.